Meza ya Mlangoni

Tunamwita Bi Mstari, na hata mumewe, fundi baiskeli, humwita hivyo akikasirika. Jina lilitokana na tabia yake ya kutovumilia kitu kilichopinda. Vitunguu vyake shambani vimesimama kama askari wa gwaride. Ukienda kumsalimia ukavua viatu ovyo mlangoni, ataitikia salamu yako huku anavipanga kwa mguu. Nimewahi kumwona msibani akinyoosha mkeka ambao wafiwa walikuwa wameukalia.

Sisi wakulima wa kando ya mji tulikuwa tunauza mazao yetu pembeni ya barabara, juu ya magunia, kila mtu na lake. Lori likipita tunakula vumbi. Askari wa mji wakitokea tunakimbia. Mvua ikinyesha tunajifunika magunia yale yale tuliyopangia nyanya. Tulilalamika sana, na kwa kuwa kulalamika nako ni kazi, tuliona tumefanya vya kutosha. Bi Mstari ndiye aliyekwenda kwa afisa wa masoko, akakaa kwenye benchi la korido mpaka watu wa ofisi wakachoka kumruka miguu. Akarudi na ruhusa. Tumepewa uwanja nyuma ya ghala la zamani, wenye uzio na mlango mmoja, tuutumie kila Jumamosi kwa msimu mzima wa mavuno.

Afisa alitoa sharti moja tu. Yeye hana nafasi ya kuingia sokoni, lakini kila Jumamosi hupita na gari mbele ya mlango ule akienda kunyolewa.

"Nitatazama meza ya mlangoni," alimwambia. "Nikiona ina mtu na bidhaa, najua soko liko hai. Nikiikuta tupu, najua limewashinda, na uwanja nawapa wauza magari. Wananisumbua kila siku hao."

Tuliona ni sharti la mtu mvivu. Tukalipigia makofi.

Kikao cha kupanga msimu kilifanyika sebuleni kwa Bi Mstari. Alikuwa amepanga viberiti juu ya meza, kila kiberiti ni meza ya mtu, na ukingo wa sinia ya karanga ndio uzio. Tukainama kutafuta viberiti vyetu kama watu wanaotafuta shilingi iliyoanguka. Aligawa nafasi zote vizuri, mboga za majani upande wa kivuli, mizizi upande wa jua, asali kwenye kona. Kikabaki kiberiti kimoja, cha mlangoni.

"Hapa anakaa nani?"

Watu wakala karanga.

Anayejua biashara ya mboga anajua ukimya ule ulitoka wapi. Mnunuzi akiingia sokoni hanunui meza ya kwanza. Atauliza bei, atabinya nyanya, atasifu, hata habari za watoto wako atauliza, halafu atasema, "Ngoja nizunguke kwanza." Akizunguka harudi. Kazi ya meza ya kwanza ni kufundisha watu bei, ili wakanunue kwa jirani.

Wa kwanza kusema alikuwa mdogo wake fundi baiskeli, mkulima wa kabichi, ambaye sote tunamwita Kabichi.

"Shemeji, pale ni mahali pa heshima. Mimi nikijitazama naona bado. Mpe Mama Nyanya. Nyanya ni nyekundu, zinaonekana kwa mbali."

"Wewe," Mama Nyanya akamgeukia, "afisa yumo ndani ya gari, nyanya ataziona saa ngapi? Weka kabichi zako. Zile hata kipofu atazigonga."

"Basi asali."

"Nyuki hawapendi moshi wa magari," akasema mfuga nyuki.

"Nyuki wako porini, baba. Wewe unauza chupa."

"Asali inakumbuka ilikotoka."

Tukakubaliana zamu. Kila Jumamosi mtu mmoja akae mlangoni, tukianza na Kabichi. Mikono yote ilinyooka juu, maana zamu ya mwenzako haina uchungu.

Jumamosi ya kwanza asubuhi, Kabichi alituma ujumbe kwamba shangazi yake amefariki ghafla. Bi Mstari ni mtu wa taratibu. Aliacha kamba na chokaa, akarudi nyumbani haraka kubadilisha nguo na kumpa mumewe pole, kwa kuwa shangazi wa Kabichi ndiye shangazi wa kaka yake. Jambo hilo Kabichi hakulifikiria.

"Shangazi yupi?" fundi baiskeli akauliza, mikono imejaa grisi. "Huyu aliyetoka hapa sasa hivi kuziba pancha?"

Wiki iliyofuata Mama Nyanya alikamatwa na mgongo, mgongo ambao ulimruhusu kubeba matenga mawili hadi meza yake ya kawaida lakini haukuruhusu hatua moja zaidi kuelekea mlangoni. Mfuga nyuki naye alifiwa na shangazi. Msimu ule shangazi zetu walikufa vibaya sana, na mmoja wao alikuja kununua mchicha kwangu siku ya mazishi yake, akadai nyongeza.

Kwa hiyo Bi Mstari alibuni njia yake. Aliazima kabichi huku na nyanya kule, akazipanga kwenye meza ya mlangoni bila mwenyewe. Gari la afisa likionekana tu, aliacha alichokuwa anafanya, akakimbia hadi nyuma ya meza, akashika kabichi moja kama mtu anayeuza, akatabasamu. Afisa alipiga honi, akapita, na Bi Mstari akarudi kwenye kazi zake akihema.

Kamati nayo ilitafuta dawa. Tuliamua kwamba bei ziwe sawa kwa meza zote, ili mnunuzi asiwe na sababu ya kuzunguka. Wanunuzi waliposikia hivyo walisema tumekula njama, wakazunguka mara mbili kuhakikisha.

Kulikuwa na jambo moja ambalo sote tuliliona na hakuna aliyelisema. Bi Mstari, alipogawa viberiti, chake alikuwa amekiweka katikati ya uwanja, chini ya paa la ghala, pale pale ambapo mtu aliyechoka kuzunguka hutua kapu lake. Vitunguu vyake viliisha kabla ya vya wengine wote.

Mambo yakaharibika siku wauza mchele na wauza viazi walipogombea kivuli cha turubai. Bi Mstari alikuwa ameshika kamba upande mmoja, Kabichi upande mwingine, watu wanavutana, na hakuna aliyetazama barabarani. Afisa akapita. Meza ya mlangoni haikuwa na mtu. Kulikuwa na mbuzi wa jirani, amesimama kwa miguu ya nyuma, anakula kabichi ya maonyesho.

Safari hii hakupiga honi. Alisimamisha gari, akateremsha kioo, akamwita aliyekuwa karibu, ambaye kwa bahati mbaya alikuwa mimi.

"Mwambie mwenyekiti wenu Jumamosi ijayo nakuja na wauza magari. Watapima uwanja."

Nilifikisha ujumbe. Bi Mstari alisikiliza hadi mwisho, kisha akaokota majani yaliyobaki ya ile kabichi, akayapanga.

Nyumbani alimweleza mumewe. Fundi baiskeli alikuwa anajaza upepo, hakuacha kupampu.

"Si ukae wewe mwenyewe mlangoni?"

"Mimi ni mwenyekiti."

"Kwani mwenyekiti hana makalio?"

Habari hii tuliipata kwa Kabichi, aliyekuwa amekaa pale akisubiri baiskeli yake, na aliieneza kwa upendo wote wa shemeji.

Jumamosi ilipofika, tulimkuta Bi Mstari amekaa mlangoni kabla ya jua kushika. Mafungu ya vitunguu yalikuwa yamepangwa kwa ukubwa, mikia yote ikielekea upande mmoja. Aliinua uso kama mtu aliyekwenda kung'olewa jino. Kama ile meza ingekaa tupu siku hiyo, au ikawa na mtu asiye na mteja mbele ya wale wauza magari, tulikuwa tunarudi kando ya barabara kwenye vumbi letu, na yeye alijua kwamba benchi la korido lisingemfaa tena.

Mama mmoja mwenye kapu akaingia.

"Vitunguu bei gani?"

Akatajiwa.

"Vizuri kweli. Ngoja nizunguke kwanza."

Bi Mstari akamtazama akienda. Yule mama alikwenda kushoto, akasita, akarudi kulia, akapita katikati ya meza mbili mahali pasipo njia. Kwa mtu mwingine huyo ni mteja anayetembea. Kwa Bi Mstari ulikuwa ni mstari uliopinda, na mstari uliopinda hawezi kuuvumilia.

"Mama, hebu rudi. Unatafuta nini?"

"Nyanya. Na mboga."

"Nyanya za kupika au za kula mbichi?"

"Za kupika."

"Sasa unazungukia nini? Nenda moja kwa moja, kwa yule mwenye kitambaa cha njano. Nyanya zake zimeiva mno, hazifiki jioni, atakupunguzia. Mchicha upo kwa yule bwana asiyeongea. Mchele pita, leo una mawe. Kabichi usinunue."

"Zina nini?"

"Zilikatwa Jumatano. Amebandua majani ya nje zionekane changa."

"Na vitunguu?"

"Vyangu ni vikubwa. Kama mpo wachache nyumbani, yule pale anavyo vidogo, bei nafuu."

Yule mama akaenda moja kwa moja, akanunua, akatoka kapu limejaa, na njiani kutoka akamwambia mwenzake aliyekuwa anaingia, "Muulize yule kwanza." Kabla ya saa nne watu walikuwa wamesimama foleni mbele ya meza ya mlangoni. Hawakununua hata kitunguu kimoja. Walikuja kuuliza. Bi Mstari alijua kila kilichomo uwanjani, maana alizunguka meza zote asubuhi kuziweka sawa, na hakuwa na uwezo wa kusema kitu kizuri kisichokuwepo. Mama Nyanya alimaliza matenga yake akakaa anajipepea. Kabichi alikuwa hajauza jani.

Akaja mlangoni.

"Shemeji, umeniua."

"Nimesema uongo?"

"Ungesema uongo ningejitetea." Akavuta pumzi. "Umekaa tangu alfajiri. Nyanyuka unyooshe mgongo, nikushikie meza."

"Ushike nini?" Mama Nyanya alikuwa amefika. "Zamu ya hapa ilikuwa yangu."

"Wewe si mgonjwa wa mgongo?"

"Umepoa."

"Na mimi nilirukwa," akasema mfuga nyuki, chupa kwapani. "Nilikuwa na msiba, mkaniruka bila kuniuliza."

"Uliza hapo kwa mwenye mchicha, marehemu alidai nyongeza."

Wauza viazi wakaja, wauza mchele wakaja. Kila mmoja akakumbuka kwamba tangu mwanzo alikuwa na moyo wa kukaa mlangoni ila watu walimzuia. Wakabanana mbele ya meza, mwingine anavuta kiti, mwingine anatia mguu chini ya meza kuwahi nafasi. Na wateja, wakiona watu wanasukumana, wakadhani vitunguu vinaisha, wakaingia nao kusukuma.

Afisa alifika katikati ya hayo, na wauza magari wawili wameshika futi ya kupimia. Hawakuweza kupita mlangoni.

"Huwa hivi siku zote?" afisa akauliza kwa sauti, juu ya vichwa vya watu.

"Leo wamezidi," Bi Mstari akajibu, na ulikuwa ukweli mtupu.

Afisa akatazama lile kundi kwa fahari, kama mtu anayetazama mtoto wake. Walipompisha, akainama juu ya mafungu.

"Bei gani vitunguu?"

Akaambiwa. Akabinya kimoja, akakirudisha mahali pasipo pake. Bi Mstari akakisogeza.

"Ngoja nizunguke kwanza," akasema afisa.

"Mheshimiwa unatafuta nini?"

Alirudi na asali, viazi na mikungu miwili ya ndizi aliyobebeshwa mmoja wa wauza magari. Yule mwingine alikuwa ameweka futi mfukoni na kubeba nyanya. Afisa akawaambia watafute uwanja mwingine, hapa pana watu, na akamwambia Bi Mstari kwamba yeye tangu zamani aliona soko hili litafika mbali. Kisha akaenda kunyolewa.

Sasa hakuna asiyetaka meza ya mlangoni, na hakuna anayeipata. Watu walianza kumpelekea Bi Mstari zawadi nyumbani ili awasemee vizuri. Alizirudisha, kwa kuwa zilivuruga mpangilio wa jikoni. Kabichi amejifunza kuvuna Ijumaa jioni, na anasema alikuwa na mpango huo siku nyingi. Vitunguu Bi Mstari huwauzia wachuuzi huko huko shambani, maana pale mlangoni vilikuwa vinamsumbua. Lakini kanuni zetu zinasema asiye na zao lake mwenyewe hana meza, na kanuni hizo aliziandika yeye. Kwa hiyo amepanda tuta moja la biringanya, limenyooka kama rula, na kila Jumamosi huja na sita, anazipanga mbele yake.

Juzi mgeni mmoja alizipenda, akatoa pesa, akataka zote. Bi Mstari alimrudishia pesa.

"Ukizichukua hizi mimi hapa nitakaa na nini?" akamwambia, na akamwelekeza meza ya tano, ambako kuna nzuri zaidi.