Sweta Iliyorudi Siyo Iliyotumwa

Saa mbili asubuhi, mjini Mataura, kusini kabisa mwa New Zealand, umande umeganda kwenye nyasi na Noeline Haggart amesimama jikoni akinusa gauni.

Hanusi kijuujuu. Anaingiza uso mzima kwenye kwapa la gauni hilo la kijani, anavuta pumzi, anafumba macho. Kisha anaangua kicheko.

"Huyu alilivaa harusini," anasema. "Akalicheza mpaka jasho likamtoka. Halafu ananiandikia eti halikumtosha!"

Gauni limetoka Kanada. Lilikwenda, likala sherehe, sasa limerudi nyumbani. Anaulizwa kama atamrudishia mteja pesa yake.

"Namrudishia. Ila akilitaka tena, nitamwambia limeshapata mchumba."

Noeline, mwenye umri wa miaka sitini na mmoja, anauza mitumba kwa njia ya mtandao. Huzunguka kwenye maduka ya hisani ya makanisa, kuanzia Gore hadi Bluff, akichambua masweta, makoti na magauni ya zamani. Huyafua, huyabadilishia vifungo, huyapiga picha uani kwake yakiwa kwenye kamba, na kuyauza kwa watu asiowajua: Japani, Uswidi, Texas.

Alianza baada ya kiwanda cha sufu alichokifanyia kazi tangu usichana kufungwa. Mdogo wake, Verna, anayeishi nyumba ya pili, ndiye mfungaji wa vifurushi na, kwa maneno ya Noeline, "msemaji mkuu wa kampuni, hata asipoulizwa."

"Watu wanadhani kazi ni kuuza," anasema. "Kuuza kunafanywa na picha. Kazi ni kupokea vinavyorudi."

Katika kila nguo kumi zinazovuka bahari, moja hivi hurudi. Namba kumi na mbili ya hapa siyo kumi na mbili ya Marekani. Ndiyo maana siku hizi hutandaza futi ya fundi cherehani juu ya nguo na kuipiga picha, mteja ajipime mwenyewe. Mteja asipoandika kwenye kifurushi kwamba ni mali inayorudi kwa muuzaji, watu wa forodha wanaweza kumtoza Noeline ushuru wa nguo yake mwenyewe. Na gharama ya posta ikiizidi bei ya nguo, humwambia mteja abaki nayo, au ampe mtu mwenye baridi.

"Zamani nilikuwa nalia," anasema. "Siku hizi naweka chai."

Lakini ukitaka kumwona akicheka mpaka ashike meza, mtajie sweta ya Norway.

Ilikuwa sweta ya kijivu, nzito, iliyofumwa kwa mkono. Aliinunua mwanamke aitwaye Ingunn Tveit, anayeishi pwani ya Norway, ili ampe kaka yake. Kaka ikambana mabegani. Ingunn akaomba kuirudisha, Noeline akakubali, na posta ilipothibitisha kuwa kifurushi kimefika, mtandao ukamrudishia Ingunn pesa zake papo hapo.

Noeline alikifungua, akaikunjua sweta iliyokuwemo. Ilikuwa ya kijivu, ndiyo, lakini siyo yake. Ilikuwa imechakaa, ikinuka lami na samaki, na kwenye kiwiko cha kushoto ilikuwa na kiraka cha uzi wa bluu.

"Umelizwa, dada!" Verna akapiga makofi. "Amebaki na nzuri, kakuletea ya kusugulia mashua!"

"Labda amekosea."

"Amekosea! Mbona hajakosea akakuletea mpya?"

Noeline alimwandikia mteja ujumbe mkali. Kimya. Verna akataka wamshtaki kwa wenye mtandao, afungiwe asinunue tena. Noeline akasita.

"Kile kiraka kilinizuia," anasema. "Kilikuwa kimeshonwa kwa upendo mno. Lakini hasira nilikuwa nayo, sikatai. Sikutaka kuiona ile sweta nyumbani kwangu."

Akamgawia jirani yake, Murdo Sinnott, mchungaji wa kondoo, aivae akiwa malishoni.

Hapo ndipo mambo yalipoanza. Murdo ana mbwa jike, Tib, ambaye kwa misimu kadhaa alikuwa kichekesho cha mashindano ya mbwa wachungaji. Kondoo aliowapeleka zizini walikuwa wachache kuliko aliowatumbukiza mtoni. Siku Murdo alipovaa ile sweta kwa mara ya kwanza, Tib akashinda.

Murdo hakuivua tena. Hata kuifua alikataa.

Majira ya baridi yalipokaribia kwisha, ujumbe ukaingia kutoka Norway. Ingunn alikuwa amefungua kabati na kukuta sweta ya Noeline imekunjwa humo. Iliyokosekana ni ya marehemu baba yake. Alikuwa amezitandaza zote mbili kitandani azilinganishe, mchukua vifurushi akabisha hodi, naye kwa haraka akafunga isiyo yenyewe. Ujumbe wa hasira hakuwahi kuuona. Aliandika: "Tafadhali niambie hujaitupa."

"Nilikaa chini," Noeline anakumbuka. "Nikamwambia Verna, chukua koti, twende kwa Murdo."

Walikwenda na sahani ya mikate ya jibini iliyokunjwa na kuchomwa, bado ya moto, kwa sababu hapa Mataura hakuna mtu anayeombwa jambo zito mikono ikiwa mitupu.

"Murdo, vua," Noeline akamwambia mlangoni.

"Nivue nini, jirani, na baridi hii?"

"Hiyo sweta. Ina mwenyewe."

"Mwenyewe ndiye huyu unayemwona. Muulize Tib."

"Tib anajua nini?" Verna akadakia. "Mpaka juzi alikuwa hajui kondoo na jiwe!"

Noeline hakubishana. Alimpigia Ingunn simu ya video na kumgeuzia Murdo kioo. Kule Norway Ingunn alikuwa ndiyo kwanza ameamka, yuko na vazi la kulalia. Alipoiona sweta, aliweka mkono mdomoni.

"Nionyeshe kiwiko," akasema. "Cha kushoto."

Murdo akakiinua.

"Nilikitia mimi. Nilikuwa mtoto. Uzi wa kijivu ulikuwa umekwisha, nikaweka wa bluu, na baba akasema hataki kibadilishwe."

Murdo, mtu mgumu asiyependa kuulizwa mara mbili, akaanza kuivua pale pale. Kichwa kikakwama shingoni mwa sweta, mikono juu, Tib akimbwekea. Ingunn akacheka huku machozi yakimtoka.

"Acha, acha, utashikwa na mafua! Unashindana tena lini?"

"Jumamosi," sauti ikatoka ndani ya sufu.

"Basi ivae Jumamosi. Baba alikuwa akiivaa kwenye mashindano ya makasia kijijini kwetu. Hakushinda hata siku moja. Mwache naye ajaribu tena."

Jumamosi hiyo Noeline alisimama uwanjani ameinua simu, na huko Norway ukoo wa Tveit ukakaa sebuleni ukimshangilia mbwa wasiyemjua. Tib akawa wa tatu.

"Ningekuwa wa pili," Murdo anasisitiza hadi leo, "kondoo mmoja asingekuwa mwehu."

Jumatatu sweta ikaondoka kwa posta, imeandikwa kwa herufi kubwa kwamba ni mali inayorudi kwa mwenyewe. Ingunn naye akatuma ile iliyombana kaka yake, akaomba apewe Murdo. Inambana na yeye, lakini anaivaa.

Tangu hapo Noeline na Ingunn huongea karibu kila Jumapili. Na sasa mwanamke huyu, aliyekwishatuma nguo nchi nyingi huku yeye mwenyewe hajawahi kufika hata Australia, ana pasipoti. Nauli ameidunduliza. Juni anakwenda Norway, na kaka yake Ingunn amekwishaagiza koti.

"Hilo haliendi posta," Noeline anasema, akilikunja taratibu. "Nalipeleka mwenyewe, alivae mbele yangu."

"Na lisipomtosha, dada?" Verna anauliza, kisosi cha chai mkononi.

"Ataniambia usoni. Mimi nitakaa huko, nimshonee mpaka limtoshe."