Koti la Bwana Yangu Lilipokuwa Shefu

Watu wa Kalemie wanasema ile komedi ya mambo ya biro, ofisi za serikali, ilikufa. Haikufa. Iliuawa, na mimi niliyetoa koti lake ninajua aliyeiua.

Aliyeitunga ni mujukuu wangu, mutoto wa binti yangu wa kwanza, pamoja na vijana wenzake, mu televizyo moja ndogo ya hapa mujini. Lakini komedi alijifunzia kwenye benchi. Bwana yangu alipokufa, nilianza kufuata karatasi ya kiwanja chetu ku biro ya serikali, na mujukuu alikuwa ananisindikiza. Tulikuwa tunakaa kwenye korido, mulango wazi mbele yetu. Ndani tunaona kiti, na kwenye kiti koti.

"Shefu yuko?" ninauliza.

"Yuko, Mama. Si unaona koti yake?" sekretere anajibu, macho kwenye simu.

Kwetu njo vile, ndiyo desturi. Shefu anafika asubuhi, anavalisha kiti koti, anaenda zake. Mukubwa wake akipita, koti linajibu: niko. Na sisi tunalinda nguo ya muntu mupaka jua linazama. Mimi nilikuwa ninatukana chinichini. Mujukuu alikuwa anacheka, nikafikiri ni utoto. Kumbe anashona kitu kichwani.

Siku moja akaniomba koti la babu yake, lile la rangi ya udongo ambalo marehemu alikuwa anavaa kwenda misa. Nikamupa bila kuuliza.

Mama yangu wee, ile komedi! Shefu hakuwa muntu. Alikuwa koti, basi. Mujukuu wangu alikuwa sekretere wa kucha ndefu, analipelekea koti chai ya moto na kuliuliza kama sukari inatosha. Wenye shida walikuja kulipigia magoti. Koti likapandishwa cheo. Likatumwa kikazi Kabalo, na biro nzima ikalisindikiza mupaka kwenye treni, sekretere analia, "Shefu, usitusahau!" Umeme wetu unaotoka kule Bendera unakuja ukitaka, kwa hiyo tulikuwa tunaangalia kwa jirani mwenye umeme wa jua, tumejaa mupaka dirishani. Nikianika ndagala ufukweni, wanawake wananisalimu: "Bonjour, muke ya Shefu!" Ninaitika kwa kichwa tu, kama wake za wakubwa.

Halafu juma moja, saa ya komedi ilipofika, wakaweka nyimbo. Mujukuu akarudi nyumbani macho mekundu. Shefu wa biro ile ile ya benchi yetu alikuwa ametuma neno kwa mwenye televizyo: lile koti ni lake, na serikali inachekwa. Mwenye televizyo akaogopa. Akafunga komedi, akamuambia mujukuu atokee mbele ya watu wote kumuomba Shefu musamaha, la sivyo asikanyage tena pale. Na kazi ile njo kitu pekee mutoto yule alichowahi kukitaka.

"Koko, nitaomba tu," akaniambia. "Ni maneno."

"Maneno? Babu yako amekosa nini? Unataka watu waseme alikuwa anaenda misa na koti ya wizi?"

"Watanifukuza, Koko."

"Wakufukuze umesimama."

Asubuhi nikavaa kikwembe changu cha sikukuu, nikaweka koti mukononi, nikaenda. Bahati, siku ile Shefu alikuwa kitini mwenyewe. Muntu mukubwa, tumbo limetangulia mezani. Korido imejaa, mulango wazi kama kawaida.

"Papa Shefu, nimekuletea koti yako."

"Koti gani, Mama?"

"Ile uliyosema ni yako. Vaa, nikuone, niende."

Akacheka kidogo, akatazama korido, akakuta watu wote wanamutazama yeye. Hakunyoosha mukono. Basi nikazunguka meza, nikamutandikia mwenyewe mabegani. Bwana yangu alikuwa mwembamba kama samaki wa mugebuka. Koti lilimukalia mugongoni kama nepi ya mutoto imeanikwa juu ya jiwe.

"Bonjour, Shefu!" sauti moja ikatoka kwenye benchi. "Sukari inatosha?"

Korido ikapasuka. Hata sekretere aliinama chini ya meza, eti kalamu imeanguka.

"Mama, unatukana serikali!"

"Serikali haikutajwa, Papa. Na wewe hukutajwa. Mu muji huu mzima kuko makoti mangapi juu ya viti? Sasa mbona ni wewe peke yako uliyeitika?"

Nikachukua koti langu, nikatoka.

Sitadanganya: komedi haikurudi. Mujukuu hakuomba musamaha, na televizyo ikamufungia mulango. Sasa anacheza na wenzake kwenye ukumbi wa parokia, watoto wamekaa chini, wanawake na mabeseni yao. Kuna wanaosema nilimuharibia mutoto maisha. Waseme. Mimi nimemuona akitembea mujini, shingo yake haikupinda.

Karatasi ya kiwanja bado sijapata. Juma lililopita nilirudi tena, nimevaa lile koti, siku hizi ninalivaa mimi. Mu biro, kiti cha Shefu kimevaa koti jipya, jeusi. Benchi imejaa, nikakaa mwisho kabisa. Si wingu likatanda juu ya ziwa, na ndagala zangu zote ziko muchangani! Nikavua koti, nikalitandika pale nilipokuwa nimekaa, nikasimama.

"Mama, unaenda wapi?" sekretere akauliza. "Utapoteza nafasi yako."

"Niko, binti yangu. Si unaona koti yangu?"

Nikaenda kuanua ndagala. Mvua ikapiga, ikakatika, nikarudi nimelowa. Nikalitafuta koti mwisho wa benchi, halipo. Nikachungulia chini ya benchi. Kumbe kila aliyesogea alikuwa analisogeza nalo, muntu kwa muntu, wamelikunja vizuri mikono. Lilikuwa limebakiza muntu mumoja kufika mulangoni, na mama aliyekaa kando yake alikuwa analipigapiga begani:

"Vumilia, Shefu. Njo zamu yako inakuja."