Hamu ya Otonglo

Kaluki hakuwa mtu wa mbwa. Kwao Kitui mbwa ni wa uani, anajitafutia, na hakuna anayemuuliza ameamkaje. Kwa hivyo wapangaji wa ploti yao ya Soweto West, huko Kibera, walipomwona anamtandikia Otonglo gunia ndani ya nyumba, tena gunia lililofuliwa, walicheka mpaka wakashika mbavu. Yeye akawajibu kwamba mbwa si wake, amewekewa tu.

Na kweli aliwekewa. Mwenye mbwa alikuwa Filister, mkaanga samaki, mwanamke mwenye sauti ya kufika relini bila kujikaza. Alimwokota Otonglo akiwa kitoto kando ya Soko la Toi na kumpa jina la ile sarafu ya senti kumi, akisema hata hiyo ni kumpandisha bei. Alimlea kwa vichwa vya samaki hadi akawa mbwa wa kuheshimika. Milango ya Filister na Kaluki ilitazamana, mtaro tu katikati. Kaluki aliuza mitumba ya watoto pale Toi, na jioni mmoja wao akipika, mwenzake hakuwasha jiko. Filister alimwita Kaluki Mama Mbithi, naye akaitwa Mama Adhis, na hodi hawakuwa nayo. Filister aliingia kwa Kaluki akafunua sufuria, akaonja, akalaumu chumvi, ndipo akaketi. Mkamba na Mjaluo wale walikuwa wamefundishana matusi ya pande zote mbili, wakawa hawakosi la kuambiana.

Kisha zikaja zile mvua za El Nino. Maji ya mtoni yalipanda, ukuta wa udongo wa Filister ukalala chini pamoja na kalenda iliyotundikwa juu yake. Kaka yake Osewe akamtafutia chumba Kawangware, nyumba ya mawe, isiyojua mafuriko. Mwenye nyumba, Waithaka, alikuwa na sharti moja, mbwa hapana. Ndipo Filister akamkabidhi Kaluki ile kamba, akasema akishatulia atarudi kumwita Kaluki akaone nyumba.

Sasa, kwa wanawake wa ploti ile kulikuwa na jambo lisilovunjwa. Aliyehama ndiye anayerudi kuita wenzake. Kwenda bila kuitwa ni kwenda kuchungulia vyombo vya mtu. Kaluki akangoja. Mvua zikaisha, nyasi zikasimama kando ya reli mpaka Otonglo akawa anapotelea humo, ukuta ukajengwa upya na mpangaji mwingine akaingia. Filister hakuonekana. Kawangware si ng'ambo, jamani. Kaluki angekwenda kwa miguu na kurudi kabla maharagwe hayajaiva. Lakini hakuitwa, na moyo wake ulikuwa mgumu upande ule ule uliokuwa unauma.

Pengo la Filister alilisikia, hilo halina kificho. Alilisikia hasa saa ya kurudi kutoka Toi, alipofungua kufuli na kukuta sufuria zake zote zimefunikwa vile vile alivyoziacha.

Ndipo Otonglo akaacha kula. Alianza kwa kunusa kichwa cha samaki na kukiacha, kitu ambacho hakijawahi kutokea tangu aokotwe. Kesho yake akalala mlangoni, uso ameuelekeza nyumba ya ng'ambo ya mtaro. Shivachi wa mkokoteni wa maji, adui yake wa kila asubuhi, akapita na mitungi yake, na mbwa hakumpa hata mngurumo mmoja. Kaluki aliyaona hayo yote na akayaelewa mara moja. Mbwa ana hamu ya mwenyewe. Angekulaje na mkono uliomlisha haupo? Angembwekea nani, na mlango anaoutazama una mtu mgeni? Alimkalia karibu, akampapasa kichwa, akamwambia pole, hata mimi. Kichwa kilikuwa cha moto, naye akasema ni jua.

Jirani yake Ngina alimwambia wazi kwamba mbwa yule anakunywa maji kupita kiasi na mkojo wake una rangi ya chai ya rangi. Kaluki alimsikia kwa sikio moja. Alikuwa mtu wa kupitisha kidole gumba juu ya sweta ya mtumba na kujua palipotobolewa na panya huko Ulaya, lakini kwa Otonglo aliona kile alichokuwa anakijua tayari. Akili yake ikamtengenezea dawa, na dawa hiyo ilimpendeza mno. Mbwa apelekwe kwa mwenyewe. Hapo hata ploti nzima haingesema Kaluki ameenda kuchungulia. Ameenda kumpeleka mgonjwa wa hamu.

Jumapili akatia kamba shingoni mwa mbwa wakatoka. Hawajafika Ngong Road Otonglo akalala chini. Akaamka, akaenda kidogo, akalala tena. Kaluki akatazama huku na huku, kisha akavua leso, akambeba mbwa mgongoni kama mtoto wa kunyonya. Ukitaka kujua watu wa Nairobi wana maneno, pita Dagoretti Corner siku ya kanisa ukiwa umebeba mbwa mgongoni. Waliouliza jina la mtoto walikuwa wengi, na aliyeuliza anafanana na nani katika wazazi alijibiwa kwa Kijaluo.

Alimkuta Filister nje ya chumba, ameketi juu ya jerikeni, anapara samaki wachache. Alikuwa amemwandalia maneno ya kumlaumu tangu Naivasha Road, lakini Filister alipoinuka na kumkazia macho muda mrefu kuliko kawaida yake, akayaacha. Akamshusha mbwa. Otonglo akanusa vidole vya Filister, akatikisa mkia mara moja ya adabu, akajilaza.

"Amekataa kula kwa sababu yako," Kaluki akasema. "Ana hamu."

Filister alichuchumaa, akamshika mbwa taya na kumfunua mdomo, vile vile alivyozoea kufunua mashavu ya samaki sokoni kuona kama bado ni mekundu. Ufizi wa Otonglo ulikuwa mweupe. Akapekua nyuma ya masikio, kisha kwapani, akatoa kupe amevimba, na mwingine, na mwingine.

"Mama Mbithi, hii si hamu. Samaki ikiwa hivi ningerudishia mwenye kuuza. Hii mbwa inakufa."

Kaluki akaketi pale pale chini. Yale aliyoyaona yote yalirudi moja moja, maji, mkojo, joto la kichwa, na kila moja lilikuwa limemwambia ni ugonjwa, naye akaliitikia kwa jina la Filister.

Karibu na soko la Kawangware palikuwa na daktari wa mifugo, aliyezoea ng'ombe wa maziwa wa watu wa Dagoretti. Aliitwa kutoka kwenye chakula chake, akasema ni homa ya kupe, akampiga sindano na kutoa dawa ya kuogeshea. Alisema wangechelewa kidogo tu asingekuwa na kazi pale. Mbwa asitembezwe mpaka apate nguvu. Basi Filister akamficha Otonglo chumbani nyuma ya gunia la makaa, na Waithaka asijue.

Kaluki akawa anakwenda Kawangware kila alipofunga kibanda. Ndipo alipoona mwenzake hakuwa na kiti hata kimoja. Filister alimweleza, bila kumtazama, kwamba biashara ya samaki haijashika huku, na majirani wa nyumba za mawe hufunga milango, na alikuwa anangoja anunue viti ndipo amwite, maana angemkalisha wapi? Kaluki akapindua jerikeni ya pili akaikalia. Akafunua sufuria, akaonja, akalaumu chumvi. Walimnywesha mbwa supu kwa kijiko, wakabishana nani ana mkono mzuri. Jioni zile zilimrudishia Kaluki usingizi, na siku Otonglo aliposimama mwenyewe akalamba bakuli, aliogopa. Kuna sehemu yake iliyotaka mbwa apone polepole. Hilo alilificha hata katika sala.

Kupona hakukufichika. Siku moja Waithaka alipita kudai takataka zitolewe mlangoni, na kutoka nyuma ya gunia la makaa Otonglo alibweka, mbweko mzima, wa zamani, wa kumtosha Shivachi na mkokoteni wake. Filister alipiga makofi kwa furaha kabla hajakumbuka ni nani aliye mlangoni. Waithaka hakuwa mtu mbaya. Alisema tu mbwa aondoke jioni ile ile.

Filister akawasindikiza Kaluki na mbwa mpaka Naivasha Road. Hapo ndipo pa kuachana, na Kaluki akabaki anaizungusha kamba kiganjani.

"Mama Adhis, hii mbwa haikuwa na hamu ya mtu," akasema. "Ni mimi."

"Najua," Filister akasema. "Ile siku umefika, ni wewe niliona kwanza. Umekonda, macho imeingia ndani. Lakini nikaanza na Otonglo, sababu ugonjwa yake ndiyo ilikuwa na dawa."

Mbwa alikuwa ameshaivuta kamba kuelekea Kibera, pua chini, amejaa njaa na mambo yake, na hakugeuka nyuma hata mara moja. Kaluki aligeuka. Aligeuka tena walipofika mbali, na Filister alikuwa bado amesimama pale pale, ameshika kiuno, anawatazama.