Ukurasa Uliochomwa

Mtaani walimwita Bwana Sababu, kwani hata kuku akipiga chafya, yeye lazima aulize kwa nini. Kazi yake ilikuwa kutotolesha vifaranga kwa mashine, na ukutani alitundika daftari ambalo wafugaji wenzake walikuja kunakili. Humo aliandika yaliyofanikiwa tu. Yaliyoshindikana aliyachana, akawashia jiko.

Mwaka uliopita alishika imani kwamba vifaranga hufia ndani ya yai kwa ukavu. Akajaza mashine mabakuli ya maji. Mayai mia mbili yalitoa vifaranga tisa. Aibu ikamjaa, ukurasa ukaenda motoni.

Asubuhi hii shemeji yake, dada mdogo wa mkewe, aliyeuza cherehani yake ili aanze kazi hiyohiyo, alisimama mlangoni macho yamemwiva.

"Shemeji, leo siku ya ishirini na tatu, mbili zimezidi za kuanguliwa. Kimya. Hata mlio mmoja!"

"Ulifanyaje?"

"Niliona hewa kavu, nikaongeza maji, mabakuli manne. Daftari lako nililisoma lote kwanza, hakuna lilipokataza. Nikasema, hili basi halijajaribiwa, nitakuwa wa kwanza." Akacheka bila furaha. "Haya, nimekuwa."

Bwana Sababu alikuwa na uongo tayari kwenye ncha ya ulimi: jogoo mzee, umeme, mayai ya zamani. Lakini mwanamke huyu alikuwa amesoma, amepima, ameamua kwa akili timamu kuliko yeye. Alichokosa ni ukurasa mmoja tu.

"Nililijaribu mimi," alisema. "Mwaka jana. Walikufa vilevile. Nikachoma karatasi."

"Ukachoma?"

"Nisichekwe."

"Kwa hiyo wewe hukuchekwa, na mimi nimepoteza vifaranga wangu. Hata kosa lako, shemeji, ulininyima!"

Laiti angemtukana, aliwaza Bwana Sababu.

Shemeji alitoka, akarudi na beseni la mayai yake, akalitua mezani. "Pasua."

Bwana Sababu alipasua la kwanza. Kifaranga kamili, manyoya yamelowa chepechepe, maji yamemjaa mdomoni.

Shemeji alitungua daftari ukutani, akashika kalamu. "Sema unachokiona. Polepole. Na juu naandika kwamba wa kwanza kulijaribu ni wewe."

"Andika," alisema, akachukua la pili.