Ndege Isiyoruka Itaniulia Mdogo Wangu

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za nyumbani. Jina langu mhariri analo, na nimemwomba abaki nalo. Nina miaka ishirini na saba, mama wa watoto wawili, naishi Chemchem hapa Tabora. Mume wangu ni mwanajeshi. Serikali ilimpeleka ng'ambo kujifunza urubani, na sasa yeye ndiye anayewafundisha vijana katika kambi ambayo sitaitaja.

Kabla kijana hajapewa ndege ya kivita, hufundishwa kwanza kwenye ndege isiyoruka. Ni kibanda chenye kiti, usukani, saa za kila namna na picha ya mbingu inayotembea mbele ya macho. Humo hujifunza kupaa, kutua na kumpiga adui risasi. Akikosea akaanguka, kengele inalia, wenzake wanamcheka, anaanza upya. Haya nimeyasikia kwa mume wangu tu, mimi sijakanyaga huko.

Mmoja wa vijana hao ni mdogo wangu wa tumbo moja. Mama alifariki yeye akiwa bado ananyonya, nami ndiye niliyembeba mgongoni kule kijijini kwetu Ntalikwa, mpaka kina mama wakawa wananitania eti nimezaa kabla ya kuvunja ungo. Alipochaguliwa kwenda urubani, baba alicheza ngoma hadi shamba la kijiji likalala bila kulimwa siku hiyo. Tangu hapo hasimami kwenye mkutano wa kijiji bila kumtaja rubani wake.

Wiki iliyopita mume wangu alirudi nyumbani akakaa na sahani bila kuigusa. Nilimbana mpaka akasema. Mdogo wangu ana shabaha kuliko wenzake wote, lakini akishamwona adui hamwachi. Anamfuata chini, anazidi kumfuata, kidole kiko kwenye kitufe cha risasi, mpaka ardhi inampokea. Wenzake wakianguka wanashtuka na kujirekebisha. Yeye ameshazoea.

Jumapili alipokuja kula nilimsema kama ninavyowasema wanangu. Alicheka tu.

"Dada, mle ndani nimekufa mara nyingi, na kila Jumapili nakuja kula ugali wako."

Niliinuka nikaenda jikoni nikalia. Nilimkasirikia, tena sana, lakini hofu ilikuwa kubwa kuliko hasira.

Mwisho wa mwezi mume wangu anatakiwa aseme nani apande ndege ya kweli na nani arudishwe kwenye kazi nyingine jeshini. Baba amepata fununu, akaja kwa baiskeli kutoka Ntalikwa, hakutaka hata maji ya kunywa. Alisema mkwe wake anamwonea mwanawe wivu, na kwamba akimkataa, yeye atarudisha ng'ombe wa mahari nami nirudi nyumbani. Baba yangu hana utani kwenye mambo ya ng'ombe. Mume wangu alimsikiliza kwa heshima, akamsindikiza mpaka kwenye baiskeli yake.

Baba alipoondoka, mume wangu aliniambia mimi ndiye niliyemlea yule kijana, kwa hiyo mimi ndiye wa kusema. Nikitaka apite, atampitisha. Nikitaka asipite, lawama ataibeba yeye. Nikamuuliza, kama angekuwa mtoto wa watu wengine angefanyaje.

Aliinamisha kichwa. "Ningekuwa nimeshamrudisha zamani," akasema.

Ndugu wasomaji, tangu nisikie neno hilo silali. Kumbe mdogo wangu bado yuko kwenye kile kiti kwa sababu ni shemeji mtu, kwa sababu tunampenda. Nikisema arudishwe, baba ananitoa kwenye ndoa yangu, na mtoto niliyembeba mgongoni atanichukia. Nikinyamaza, watampa ndege ya kweli na risasi za kweli. Mliowahi kuwa dada na mama wa mtu mmoja, nishaurini. Mume wangu hanihimizi. Kila akirudi ananitazama tu, na mimi nampakulia chakula.