Siku Tuliyomhemba Bijou

Sisi tuliokulia Jabe, mtaa wa kwetu Burundi, wakati wa vita tulikuwa watoto kama watoto wengine, msitushangae. Tuliruka lastiki, tuligombania gololi, tuliimba hadi mtu mzima mmoja anyanyue ndala. Risasi zikilia upande wa milimani tulinyamaza kidogo kusikiliza kama ni mbali, halafu mwenye zamu akaendelea kuruka. Wanangu mimi umeme ukikatika tu wanalia kama wamefiwa.

Na mimi nilikuwa na panya. Si panya wa jikoni, jamani. Huyu alikuwa mweupe, macho mekundu, nilipewa na jirani aliyekuwa akifanya kazi kwenye maabara kabla haijafungwa. Nilimwita Bijou. Alikaa kwenye boksi la sabuni chini ya kitanda changu, akila makombo ya andazi langu la asubuhi. Baba alimvumilia kwa sababu alikuwa mmoja tu. Hakujua, wala mimi sikujua, kwamba Bijou alikuja na mimba.

Alijifungua siku chache baada ya Mama kumzaa mdogo wangu. Nilifunua boksi nikakuta vitoto vyekundu, havina manyoya, vimefumba macho, vidogo kama maharage. Nilichomoa pamba ya godoro langu nikavitengenezea kitanda. Rafiki zangu walitaka kuvishika; niliwapiga mikono, maana jirani alinionya kwamba panya akinusa harufu ya mtu kwa watoto wake anaweza kuwala. Nilikuwa mkali kuliko mkunga wa hospitali.

Tatizo lilikuwa chakula. Mipaka ilikuwa imefungwa, unga umekuwa kitu cha kufungiwa kabatini, na asubuhi moja Baba alipochungulia chini ya kitanda uso ulimbadilika.

"Divine, hapa hata batu habashibi," alisema. "Nikirudi kazini nisikute hii boksi. Utaitupa kule inyuma ya soko."

Nyuma ya soko kulikuwa na paka waliokonda kuliko sisi. Sikulia. Niliapa moyoni kwamba Bijou haendi kokote, nikakaa kitako nikafikiri.

Kwetu Burundi mwanamke akizaa, watu huja kumhemba: wanamletea chakula na vinywaji, wanaimba, wanamtazama mtoto, na nyumba nzima inamheshimu. Nikajiambia, Bijou akishahembwa mbele ya majirani, Baba ataona haya kumtupa. Na Baba alikuwa bingwa wa kuona haya mbele za watu.

Niliwazungukia watoto wote wa uani. Alasiri wakaja kwa mstari, wasichana wamejifunga vitenge vya mama zao vinavyoburuzika chini. Huyu ana punje za mchele kiganjani, yule ana tone la uji kwenye kifuniko cha chupa ya soda, mwingine ana ganda la ndizi, maskini, ndilo alilopata. Tukaimba nyimbo za kumpongeza mzazi, tukapiga vigelegele.

Vigelegele vilimtoa Mama Zuhura, mjane mwenye duka dogo upande wa pili wa ua. Ilikuwa miezi mingi hajaingia kwetu, wala sisi kwake. Hatukuwa tumegombana. Vita vilimfundisha kila mtu kufunga mlango wake na kuuogopa wa mwenzake. Alisimama mlangoni, ushungi kichwani.

"Munamuhemba nani?"

"Bijou," nikasema, nikamwonyesha boksi.

Alicheka mpaka akaegemea ukuta. Hapo mdogo wangu akalia chumbani, na kicheko kikakatika.

"Na uyo mutoto ni wa nani?"

"Wa Mama."

"Mama yako amezala? Nani alikuya kumuhemba?"

"Apana mutu, Mama Zuhura. Njia zimefungwa, bashangazi habawezi kufika."

Aliondoka, akarudi na sufuria ya uji wa mtama, mzito, wenye sukari, ile sukari tuliyokuwa tukiiota tu. Akaingia chumbani kwa Mama. Nilimsikia Mama akilia, na kilio chenyewe hakikunitisha. Baadaye mlango ukasukumwa tena, na tena, wanawake wa uani wakawa wanaingia na vibakuli.

Baba alirudi akakuta nyumba imejaa, na mimi nimesimama mbele ya boksi langu, mikono kiunoni. Aliniangalia. Akawaangalia wageni. Mama akamuwahi kutoka kitandani:

"Baba Divine, uyu naye ni muzazi. Mumuache." Akachota kijiko cha uji wake, akanipa. "Mupelekee."

Watoto wa Bijou walifumbua macho wote.

Nilipojifungua mwanangu wa mwisho, simu ilijaa maua na mioyo mpaka ikazimika. Nilipongezwa na watu wa mabara matatu, na mlango wangu haukugongwa. Iliniuma, sitaficha. Binti yangu mkubwa anafuga paka ndani ya simu hiyo hiyo; akifa kwa njaa anabonyezwa, anafufuka. Huwa namtazama nikikumbuka kifuniko cha soda chenye tone la uji, na mtoto aliyekileta hali yeye mwenyewe hajashiba.

Juzi nyumba ya pili wamepata mtoto. Nimewasha jiko, nimemwambia binti yangu aweke simu chini aje abebe sufuria.

"Mais Mama, hatubajue!" ananipinga, nusu Kifaransa.

Nimemwambia abebe kwa mikono miwili, uji ni wa moto.