Kidonda Ambacho Mkwe Wangu Hakukiona

Nakumbuka siku moja ya kiangazi, mwanangu, nimekaa uani kwangu kule Mwakitolyo, nimepandisha shati mpaka kwapani, naonyesha watu mgongo. Aibu kuisema, lakini ndivyo ilivyokuwa. Sikuwa na hata siku kumi tangu nirudi kutoka hospitali Mwanza, na majirani walikuwa wanakuja kunipa pole kama desturi yetu. Kila aliyekuja alitaka kuona nilipopasuliwa. Nami nilionyesha. Kilikuwa kiplasta kimoja, upana wa vidole viwili, basi.

Ngoja nikurudishe nyuma kidogo. Ujana wangu wote niliumalizia kwenye duara, lile shimo la dhahabu, nikipandisha viroba vya mawe begani kwa ngazi ya miti. Mgongo ulipoanza kuuma nilimeza vidonge nikaendelea. Baadaye maumivu yakashukia mguu wa kulia, yanachoma kama moto, na unyayo ukawa unaburuza. Nikakandwa, nikachuliwa, mtu mmoja akapanda akanikanyaga mgongoni kwa miguu yake yote miwili. Hospitali niliikwepa, maana machimboni tuliambiana kwamba ukipasuliwa mgongo hutembei tena. Nikaishia kulala ndani miezi minne. Mke wangu, Mama Kulwa, alinishika mkono mpaka chooni, mimi mwanaume mzima.

Daktari wa Mwanza alinieleza kwamba ile nyama laini iliyo kati ya pingili za mgongo imechomoka na inaubana mshipa wa fahamu. Akasema hatanifungua mgongo mzima. Atapitisha mrija mwembamba wenye kamera kwenye tundu dogo, akitoe kilichochomoka. Niliogopa, sikufichi, lakini nikakubali. Kesho yake baada ya kupasuliwa nikasimama, mwanangu, na ule moto wa mguuni haukuwepo. Nililia mbele ya wauguzi wala sikujali. Daktari akanionya: wiki sita usinyanyue kitu kizito, huko ndani bado kunapona. Wala hakunidanganya kuhusu kidole gumba cha mguu, kilichokufa ganzi kwa kuchelewa kwangu. Alisema huenda kisirudi, na kweli hakijarudi mpaka leo.

Haya, turudi uani. Maganga, mchimbaji mwenzangu wa miaka mingi, aliinama akakitazama kile kiplasta, akacheka.

"Hii tu, Masanja? Miezi minne tunakuchungia ng'ombe kwa sababu ya hiki kitundu? Mbona mimi mwiba ulionichoma ulinipasua zaidi."

Watu wakaangua kicheko. Alikuwa ananitania, na utani wetu ndio huo, lakini uliniingia. Nikajiona kama tapeli mbele ya watu walionisaidia. Nilikuwa na miaka arobaini, akili bado ya kijana. Pembeni palikuwa na gunia la mpunga limeegemezwa ukutani. Nikashusha shati, nikasema, "Basi tazameni," nikainama nikalikumbatia.

Hapo mama mkwe wangu akatoka jikoni.

Huenda ninyi wa siku hizi hamjui uzito wa jambo hilo. Kwetu Wasukuma, mama mkwe humkaribii. Hamshikani mikono, hamli pamoja, mkikutana njiani mmoja anapisha. Mayu Nyanzobe, mama mkwe wangu huyo, alikuja kumsaidia binti yake tangu nilipolala kitandani, na miezi yote hiyo sikuwahi kumtazama usoni. Hata salamu zetu zilipitia kwa Mama Kulwa. Siku ile alikatiza ua mzima mbele za watu, akaweka viganja vyake viwili juu ya gunia, akalielemea kwa uzito wake wote. Macho yake yalikuwa chini.

"Baba Kulwa, achia."

Nikaachia.

"Hawa wamekiona kidonda chako ndiyo maana wanacheka," akasema polepole. "Mimi sijakiona na sitakiona, maana ni mkweo. Lakini nimekaa nyuma ya ukuta wa chumba chako miezi minne, nikakusikia ukiuma shuka ili watoto wasisikie. Najua kilichotolewa humo. Kama unataka kukirudisha, subiri kwanza niondoke kwenye mji wako huu, nisikisikie tena."

Akarudi jikoni. Maganga akalibeba gunia mwenyewe akaliingiza ndani, na ng'ombe wangu akaendelea kuwachunga mpaka wiki sita zikaisha.

Sasa nimesikia umerudi jana kutoka hospitali na wewe una plasta mgongoni kama yangu, ndiyo maana nimekuja mapema kabla ya wengine. Wakija kukuona, wape chai, pokea pole zao, shati lako liache lilivyo. Tundu ni dogo kwa sababu waliokutibu wana ujuzi, siyo kwa sababu ugonjwa wako ulikuwa mdogo. Zimalize wiki ulizopewa. Ukiona mguu unalegea au ganzi inarudi, nenda hospitali siku hiyo hiyo, usimpe mtu mgongo wako aukanyage. Na mwenzako akiambiwa tundu dogo halimfai, asikate tamaa. Wodini nililala na mzee aliyefunguliwa zaidi yangu, na alitoka akitembea.

Mayu yuko hai, namshukuru Mungu. Tangu siku ile hatujasemezana tena, tumerudi kwenye heshima yetu. Akija kututembelea anakaa jikoni, namsikia anamuuliza binti yake mgongo wa Baba Kulwa unaendeleaje. Basi natoka nje, nauzunguka ua taratibu, napita mbele ya mlango wa jikoni bila fimbo, ili aone. Ndiyo wabeja yangu kwake, asante pekee ninayoweza kumpa.

Mungu akunyooshe mgongo, mwanangu, na akujalie walau mtu mmoja atakayeyaamini maumivu yako bila kuomba kuonyeshwa.